Ramayan: Kushuka kwa Rama na Kufanyika Mwili kwa Kristo

Mchungaji anayehudumu Moshi mjini ana majirani Wahindu, na hekalu lao limo humo humo mjini. Lakini tunapoulizwa na wanafunzi wa kipaimara juu ya imani yao, wengi wetu hujibu kwa neno moja tu: sanamu. Jibu hilo halitoshi. Tamthilia ya televisheni iitwayo Ramayan yaweza kutusaidia kuelewa zaidi.

Tamthilia hiyo iliongozwa na Ramanand Sagar. Doordarshan, shirika la utangazaji la serikali ya India, liliionyesha Jumapili asubuhi kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988, katika sehemu 78. Ikarudiwa mwaka 2020 wakati wa korona. Inasimulia maisha ya Rama, ambaye Wahindu wengi humsadiki kuwa ni Vishnu aliyeshuka duniani. Katika nyumba nyingi watazamaji walioga kwanza, wakavua viatu, wakaivika televisheni mashada ya maua na kufukiza ubani. Arun Govil, aliyeigiza Rama, alikuta watu wakimgusa miguu kwa heshima.

Tusidhani kwamba watu hao waliabudu kioo. Ibada ya Kihindu ina jambo liitwalo darshan, yaani kumwona mungu na kuonwa naye. Kwao kutazama ni kukutana.

Hapa ndipo ilipo kazi ya mhubiri. Tukisema tu kwamba Mungu alishuka akaishi kati ya wanadamu, jirani Mhindu aweza kukubali bila shida, akamweka Kristo kando ya Rama. Maana Bhagavad Gita, katika sura ya nne, yafundisha kwamba mungu huja tena na tena, kila haki inapofifia. Injili yashuhudia jambo lingine: Neno alifanyika mwili (Yn. 1:14), akajitoa mara moja tu (Ebr. 9:26), akafa kweli, akafufuka, wala hakuuvua ubinadamu wake. Umwilisho usiohubiriwa pamoja na msalaba haujahubiriwa kikamilifu.

Nasi pia tunaguswa. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979 imetafsiriwa kwa Kiswahili na kuonyeshwa vijijini. Je, Wakristo wetu wanapoomba huiona sura ya mwigizaji? Luther, aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522, hakukubali picha zivunjwe kwa nguvu. Alitaka Neno liiweke huru mioyo kwanza. Basi filamu isiachwe iseme peke yake. Baada ya kuonyeshwa, mchungaji asome Injili, aeleze, aruhusu maswali, kwa kuwa imani huzaliwa kwa kulisikia Neno la Kristo (Rum. 10:17). Na anapokutana na jirani Mhindu, aanze kwa kumwuliza Rama ni nani kwake, amsikilize hadi mwisho, ndipo amshuhudie Msulibiwa.