Shule Mpya Katika Mtaa wa Kale

Tangu Januari 2016, Serikali ilipofuta ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka kidato cha sita, watoto wamefurika madarasani. Shule mpya hazina budi kujengwa, na nyingine zitaangukia katika mitaa ya kale. Mjini Arusha twaufikiria mtaa kama Kaloleni, ambako ungali umesimama ukumbi lilimopitishwa Azimio la Arusha mwezi Januari 1967, nao leo ni makumbusho.

Wako wasemao mtaa wa namna hiyo ubomolewe, maghorofa yapande. Wako wasemao usiguswe hata tofali. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Mtaa usio na shule huhamwa na vijana. Na shule iliyowafukuza wazazi ili ipate kiwanja, itamfundisha nani?

Yafaa jengo liufuate mtaa. Lisiwe refu hata kuwanyima majirani jua na hewa. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa maana Arusha iko karibu na Ikweta, na jua kali huingia kwa mashariki asubuhi na magharibi jioni. Jiwe la Meru, mlima wa volkano, mafundi wetu wanalijua. Na matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa hayahitaji kuni za tanuri.

Lakini lililo kubwa ni maji. Maji mengi ya ardhini pande za Meru yana floraidi nyingi, ambayo huwatia watoto madoa ya kahawia menoni, na ikizidi sana hupinda mifupa. Maji ya mvua hayana dhara hilo. Milimita 100 za mvua juu ya paa la mita za mraba 500 ni karibu lita 50,000. Basi masika ikipita bure, tumemwaga dawa ya watoto wetu mtaroni.

Tutaambiwa tangi ni ghali. Mara nyingi fedha zinapopungua, tangi ndilo hukatwa kwanza. Sisi twasema lihesabiwe pamoja na paa, kwani hakuna aliyepata kujenga shule akaacha paa kwa sababu ya gharama.

Ndugu viongozi, waiteni wakazi kikaoni kabla ramani haijachorwa, si baada ya msingi kuchimbwa. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Shule ndiyo mgeni. Mwenyeji na apone.