Maharagwe ya Rangi Nyingi katika Darasa la Kiswahili

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kifungu kifupi cha Kiingereza wakitafsiri kwa Kiswahili. Kilihusu wakulima wa kusini magharibi mwa Uganda ambao hupanda aina kadhaa za maharagwe pamoja katika shamba moja ili kupunguza magonjwa. Kilikuwa na sentensi tisa tu, nami nilidhani ni kazi ya nusu saa. Tafsiri nilizopokea zilikuwa za makundi matatu. Kundi kubwa liliandika "kilimo mchanganyiko", wengine "kilimo mseto", na wachache "mbegu chotara". Kisarufi hapakuwa na kosa kubwa. Kimaana zote tatu zilikuwa zimepotoka, na ile ya tatu ingeweza kumtia mkulima hasara ya fedha.

Nilipofika ubaoni kusahihisha, niligundua kwamba hata mimi sikuwa na istilahi iliyo tayari, kwa sababu jambo lenyewe sikulielewa vizuri. Ikanibidi nikasome na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaleta kwenu walimu wenzangu na wanafunzi, kwani naamini kosa lile si la darasa langu peke yake.

Tuanze na maharagwe yenyewe. Ukipita katika soko la Nakasero au Owino hapa Kampala, utaona magunia yaliyopangwa kwa rangi: gunia la Nambale yenye mabaka mekundu, gunia la maharagwe ya manjano, gunia la meupe. Kila gunia lina aina moja, kwa sababu mnunuzi wa mjini anataka maharagwe yaliyofanana na yanayoiva sufuriani kwa wakati mmoja. Lakini katika milima ya Kigezi, Rwanda, Burundi na Kivu, desturi ya wakulima kwa muda mrefu imekuwa kinyume cha hiyo. Mbegu zinazowekwa kwa ajili ya msimu ujao ni za rangi zote: nyeupe, nyeusi, za zambarau, za madoadoa, ndogo na kubwa. Zote hufukiwa pamoja, huota pamoja, huvunwa pamoja.

Mtu asiyejua anaweza kufikiri kwamba baada ya misimu michache aina hizo zitakuwa zimezaana na kuwa kitu kimoja. Sivyo. Ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, na kwa hiyo mbegu nyeusi huzaa nyeusi na nyeupe huzaa nyeupe, hata kama mimea imesongamana. Ndiyo maana mchanganyiko unaweza kurithiwa na mama, binti na mjukuu bila aina zake kupoteza sura. Ndiyo maana pia neno "chotara" halifai hapa hata kidogo. Mbegu chotara ni mbegu iliyozalishwa kwa kukutanisha wazazi wa aina mbili, kama mahindi mengi yanayouzwa madukani, na mkulima akiihifadhi na kuipanda tena, mavuno hushuka, hivyo hulazimika kununua mpya kila msimu. Mkulima wa maharagwe akiambiwa kwamba mbegu zake ni chotara, ataelewa kwamba asizihifadhi. Ushauri huo ungekuwa kinyume kabisa cha ule uliokusudiwa na mwandishi.

Sasa, mchanganyiko huo huzuiaje magonjwa? Magonjwa mawili yanayosumbua sana maharagwe ni chule na madoa pembe, yote ya kuvu. Kuvu husambaa kwa spora, yaani chembe ndogo mno zinazorushwa na matone ya mvua au kupeperushwa na upepo kutoka jani moja hadi jingine. Shamba likiwa la aina moja iliyo dhaifu, kila spora inayotua hukuta mwenyeji, nayo huzaa spora nyingine nyingi. Shamba likiwa na aina sugu katikati ya zile dhaifu, spora nyingi hutua mahali zisipoweza kuota, zikafa. Mimea iliyo dhaifu nayo huwa imetengana zaidi, na majani ya jirani aliye sugu huikinga. Ni kama uvumi katika mtaa ambao nusu ya wakazi hawaielewi lugha inayosemwa. Uvumi hautakufa, lakini hautafika mbali kwa haraka.

Jambo hili limepimwa hapa kwetu. Mwaka 2012 John Wasswa Mulumba, aliyekuwa akisimamia hifadhi ya mbegu na mimea ya taifa kule Entebbe, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya maharagwe na ndizi katika maeneo manne: Nakaseke, Kabwohe, Bunyaruguru na Rubaya. Waliona kwamba pale wakulima walipokuwa na aina nyingi zaidi, tena zikiwa zimegawanyika vizuri shambani, madhara ya wadudu na magonjwa kwa wastani yalikuwa madogo zaidi. Tena hayakuwa yakipanda na kushuka kwa kishindo. Hilo la pili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko la kwanza. Mkulima mdogo hafilisiwi na wastani. Hufilisiwa na ule msimu mmoja ambao kila kitu kimekauka. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016 ulichanganya aina za asili na aina za kibiashara dhidi ya inzi wa maharagwe, mdudu ambaye funza wake hutoboa shina changa, na huko pia ilionekana kwamba kiasi cha mbegu sugu katika mchanganyiko kina uzito wake. Kwa hiyo si kuchanganya ovyo. Ni lazima mojawapo ya aina hizo iwe na ukinzani wa kweli, na iwepo ya kutosha.

Kwingineko duniani mfano unaotajwa zaidi ni wa mpunga katika jimbo la Yunnan, China. Mwaka 1998 na 1999 maelfu ya wakulima walipanda mistari ya mpunga wa kunata, ambao una bei nzuri lakini ni dhaifu, katikati ya mpunga sugu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2000. Ukali wa ugonjwa mkuu wa kuvu katika mpunga ule dhaifu ulipungua kwa 94%, na mavuno yake yakazidi kwa 89% ikilinganishwa na ulipopandwa peke yake. Mpunga wa kunata ulikuwa mrefu, hivyo ulivunwa kwa mkono peke yake na kuuzwa bila kuchanganyika. Ujerumani Mashariki nayo ilifanya vivyo hivyo kwa shayiri katika miaka ya 1980, kwenye mamia ya maelfu ya hekta, ugonjwa wa ubwiri ukapungua sana. Nchi ilipoungana mwaka 1990 mpango huo uliachwa, kwani soko jipya lilitaka shayiri ya aina moja.

Nisije nikaonekana ninahubiri. Mchanganyiko una kasoro zake. Aina zisipokomaa kwa wakati mmoja, uvunaji ni taabu. Aina fupi zikichanganywa na zile zinazotambaa juu ya miti, fupi hufunikwa. Sufuria nayo hailingani, kwani haragwe moja limepondeka na jingine bado gumu. Na wingi wa majina si dhamana ya wingi wa kinga. Bustani moja ya matooke katika Buganda inaweza kuwa na Nakitembe, Mbwazirume, Kibuzi, Nakabululu na nyinginezo, lakini wanasayansi wametuonyesha kwamba ndizi hizi za kupika zinatoka katika ukoo mmoja mwembamba sana. Mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa Mukono na Kayunga mwaka 2001, haukuzuiwa na majina hayo.

Turudi kwenye maneno, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. "Mseto" asili yake ni chakula, nafaka na choroko zilizopikwa chungu kimoja. Ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo "kilimo mseto" kwa haki kabisa kimetumika kutaja mazao tofauti pamoja, au miti pamoja na mazao, au mazao pamoja na mifugo. "Kilimo mchanganyiko" nacho kinamfanya msomaji aone mahindi yakiwa na maharagwe katikati. Hakuna kati ya hayo mawili linalosema kwamba zao ni moja na aina ndizo nyingi. Tatizo linaongezeka kwa sababu neno "aina" lenyewe tunalitumia kiholela. Twasema mahindi na maharagwe ni aina mbili za mazao, halafu twasema Nambale na Kanyebwa ni aina mbili za maharagwe. Katika maandishi ya kisayansi afadhali tuseme "zao" kwa mahindi au maharagwe, "spishi" pale mwanabiolojia anapoitaka, na "aina" tuibakize kwa Nambale na wenzake.

Pendekezo langu ni "mchanganyiko wa aina za zao moja" mara ya kwanza linapotajwa, kisha "mchanganyiko wa aina" baada ya hapo. Ni refu, najua. Wanafunzi walipendekeza "mbegu zilizochanganywa", ambalo ni fupi, lakini mimi nililikataa. Katika nchi ambayo wakulima wamelia kwa miaka mingi juu ya mbegu bandia madukani, anayesikia kwamba mbegu zimechanganywa atashika mkoba wake.

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: haya si kazi ya mwalimu wa kilimo? Tutazame sera. Tume ya Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti yake mwaka 1989, na Waraka wa Serikali wa 1992 ukaagiza kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Agizo lilibaki kwenye karatasi kwa muda mrefu. Mwaka 2005 katiba ilifanyiwa marekebisho na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2007 ukaja mtaala wa shule za msingi unaotumia lugha za nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kikawa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likasisitiza kifundishwe kwa lazima katika ngazi zote mbili. Katika mtaala huo wa 2020 Kilimo ni somo la hiari.

Hebu tuyaunganishe haya. Mtoto wa Kabale anaanza shule akijua majina ya maharagwe ya mama yake katika lugha yake, ambamo maharagwe huitwa ebihimba. Katika darasa la nne anahamia Kiingereza, ambacho kina neno moja tu kwa yote hayo. Akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiswahili, na sisi tunampa salamu, methali na ngeli. Mtoto wa Kampala, aliyeanza kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, huenda hakuwahi kuyasikia majina hayo kabisa. Iwapo hatachagua Kilimo, basi kifungu cha ufahamu katika somo letu kinaweza kuwa mojawapo ya mahali pachache atakaposoma juu ya shamba. Kifungu hicho kikiwa na kosa, hapana mwingine atakayelisahihisha.

Wala si mzigo wa ziada. Mwambie kila mwanafunzi aje na kiganja cha maharagwe kutoka nyumbani au sokoni. Hapo una somo zima la upatanisho wa kisarufi mezani: maharagwe meupe, meusi, mekundu, lakini mbegu nyeupe, nyeusi, nyekundu, aina mbili za maharagwe, wala si "aina mbili ya". Shule yenye kipande cha ardhi inaweza kwenda mbali zaidi. Mtaala mpya unatenga 20% ya alama kwa kazi zinazofanywa shuleni kabla ya mtihani, na kazi za miradi zimo ndani yake. Mvua za Machi zikianza, pandeni aina moja upande huu na mchanganyiko upande ule. Baada ya wiki sita wanafunzi wahesabu majani yenye madoa, waandike ripoti kwa Kiswahili. Madoa yasipotofautiana, waandike hivyo hivyo.

Katika darasa langu kulikuwa na binti wa kutoka Kisoro ambaye hakuwa amesema neno kwa muda mrefu. Tulipokuwa tukirudia tafsiri yetu, alieleza kwamba nyanya yake huchambua mbegu kwenye ungo kabla ya kila msimu. Huondoa zilizooza na zilizotobolewa, lakini haziondoi kamwe zile nyeusi ndogo, ingawa hakuna mchuuzi anayezitaka, kwa sababu mvua ikizidi ndizo hubaki. Nikauliza darasa zima mbegu ile ingeitwaje kwa Kiswahili. Hapakuwa na jibu. Jina lake la Kifumbira tuliliandika ubaoni lilivyo, tukaliwekea alama za kunukuu, tukaendelea na sentensi iliyofuata.