Nyota Iliyoraruliwa na Ushahidi wa Mwanga Wake

Septemba 2019, darubini zinazopekua anga zilinasa mng'aro mpya katikati ya galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 215 hivi. Wanaastronomia waliuita AT2019qiz. Pichani kilikuwa kitone tu cha mwanga, na kitone hakisemi kama nyota imelipuka au imeraruliwa na shimo jeusi. Jibu lilitoka kwenye spektra.

Ili kupata spektra, mwanga hutawanywa katika rangi zake, kisha nguvu ya kila rangi hupimwa. Kila elementi ina mistari yake. Haidrojeni, kwa mfano, ina mstari mwekundu kwenye nanomita 656, na heliamu yenye joto kali ina wa buluu karibu na nanomita 469. Gesi ikitujia, mstari husogea upande wa buluu. Ikitukimbia, husogea upande wa nyekundu. Ikitimka huku na huko kwa wakati mmoja, mstari hutanuka, na upana wake hutupa kasi. Tena, nyota iliyolipuka kwa kawaida hupoa katika wiki chache, ilhali mng'aro wa nyota iliyoraruliwa hubaki wa buluu na wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000 kwa miezi.

Kinachoirarua nyota ni uvutano usiolingana: upande ulio karibu na shimo huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa pili, kama Mwezi unavyoifanya bahari yetu ijae na kupwa. Mwaka 1988 mwanaastronomia Martin Rees alieleza kuwa takriban nusu ya mabaki hurudi kuliwa na nusu nyingine hutupwa nje. Lakini shimo likizidi sana masi ya Majua milioni 100, nyota kama Jua humezwa nzima, bila mng'aro. Kwa hiyo matukio haya hutufichulia mashimo madogo zaidi, mengi yakiwa yametulia gizani.

Kulikuwa na fumbo. Gesi iliyo karibu na shimo ina joto kubwa mno. Ingepasa ing'ae zaidi kwa eksirei. Mwanga huu mwingi tunaouona kwa macho watoka wapi? AT2019qiz iliwahiwa mapema, kabla haijafika kilele, na timu ya mwanaastronomia Matt Nicholl ikaifuatilia kwa miezi, ikitumia pia darubini za Ulaya zilizoko Chile. Mistari ilionyesha gesi ikitoka kwa kasi iliyofika kilomita 10,000 kwa sekunde. Gesi hiyo ilijikusanya kuwa pazia linalofyonza miale mikali na kuitoa tena kama mwanga wa kawaida. Nyota ilikadiriwa kuwa na masi karibu sawa na Jua, na shimo masi ya Majua milioni moja hivi.

Tukio linalonigusa zaidi ni la 2014, liitwalo ASASSN-14li. Darubini ya Hubble ilipochunguza urujuanimno wake, ilikuta naitrojeni nyingi, na kaboni haikuonekana. Kaboni hugeuzwa naitrojeni ndani kabisa ya nyota, hasa zile nzito kuliko Jua. Nyota nzima hatuwezi kuipasua tukaona kiini chake. Hii ilipasuliwa, na kemia ya tumbo lake ikatufikia baada ya kusafiri miaka milioni 290.

Katika galaksi moja, tukio kama hili hutokea mara moja kwa maelfu mengi ya miaka. Darubini ya Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, inatarajiwa kugundua matukio haya kwa wingi. Lakini Rubin hupiga picha tu. Spektra zitahitaji mashine nyingine, na moja kubwa ipo barani kwetu: darubini ya SALT, huko Sutherland, Afrika Kusini. Mwalimu wa fizikia anayefundisha mistari ya haidrojeni awaambie wanafunzi wake kwamba kazi hii inawasubiri.