Paka mdogo akigoma kula, usingoje kesho

Watoto wamekuja naye kutoka Souq Waqif, au wamemwokota chini ya gari huko Najma. Siku ya kwanza analia. Siku ya pili kajificha nyuma ya kabati, sahani haijaguswa. Mtu mzima mmoja nyumbani anasema, "Mwacheni, njaa ikimshika atakula mwenyewe."

Ndipo makosa yanapoanza. Paka mdogo hana akiba mwilini. Sukari ya damu hushuka upesi, maji yanamkauka, na nguvu ya kula ikishapotea hairudi yenyewe. Aliye chini ya wiki 6 asipitishe saa 12 bila kula. Aliyezidi umri huo, saa 24 ndiyo mwisho wa kungoja.

Wakati unangoja, angalia mazingira. Mgeni huogopa, basi mweke chumba kimoja kitulivu, na choo chake kikae mbali na chakula. Mpe kile alichozoea kula alikotoka. Nje joto linapita 40, ndani kiyoyozi kinavuma usiku kucha. Paka mdogo akilala chini yake hupoa, na aliyepoa tumbo halisagi chakula. Mpashe mwili kwanza kwa taulo na chupa ya maji ya vuguvugu, halafu ndiyo umlishe.

Paka hula kwa pua kabla ya mdomo. Pua ikiziba kwa mafua, chakula hakina maana kwake. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na chakula cha kopo kipashe kidogo ili kinukie. Supu ya kuku inafaa, lakini isiwe na chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote viwili ni sumu kwake. Akikataa, mpake kidogo mdomoni alambe. Usimshindilie, kitampalia.

Na jamani, maziwa ya ng'ombe, yawe ya boksi au ya unga, humharisha na kumkausha zaidi. Anayenyonya bado anataka maziwa maalumu ya paka wadogo, yanayouzwa kwenye maduka ya wanyama. Panadol ndiyo usiiguse kabisa: hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua.

Usihesabu saa tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama mara moja, ukiona anatapika, anaharisha, ufizi umepauka, au ngozi ya shingoni ukiivuta hairudi haraka. Huenda ni minyoo tu. Huenda pia ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoua paka wadogo kwa siku chache. Binadamu hauwapati, kwa hiyo msimtupe nje kwa hofu. Ila virusi vyake hukaa ndani ya nyumba miezi mingi, hivyo msilete paka mwingine ambaye hajachanjwa.

Balaa hizi hupenda kuja Ijumaa, wakati milango mingi imefungwa. Tafuta mapema namba ya kliniki inayofungua wikendi, uibandike kwenye friji. Akishapona na kurudia sahani yake, chanjo na dawa ya minyoo zisiahirishwe. Na watoto nao wapewe kazi: kila asubuhi waangalie sahani, wakuambie imeliwa au haijaliwa.