Rangi nyeupe zaidi duniani inapoza nyumba bila stima. Lakini keja yako ya mabati itaiweza Julai?

Saa nane mchana, mwezi wa Februari, ndani ya keja ya mabati. Kama umeishi huko sina haja ya kukuchorea picha. Maji ya kwa ndoo yamepata moto yenyewe, maziwa ya asubuhi yameshaharibika, mtoto amekataa kulala, na kukaa nje kwa kivuli cha ukuta ni afadhali mara mia kuliko kukaa ndani. Sasa ukisikia kuna wasee wa chuo huko Marekani wametengeneza rangi ambayo ukiipaka juu ya paa, hiyo paa inakuwa baridi kuliko hewa ya nje, mchana jua likiwaka, bila feni na bila token, utauliza swali moja tu: inauzwa wapi?

Tulia kwanza. Hii story iko na utamu wake na iko na mwiba, na huo mwiba unatuhusu sana sisi wa Nairobi.

Tuanze na joto lenyewe, juu kuna watu hudhani wa mtaani wanalalamika tu. Kati ya 2015 na 2016, mwanafunzi wa uzamifu wa chuo cha Johns Hopkins anayeitwa Anna Scott, pamoja na wenzake wakiwemo wataalamu wa hapa Kenya, walitawanya vipimajoto vingi ndani ya Nairobi wakati wa msimu wa joto. Vingine viliwekwa mitaa ya mabanda, Kibera ikiwemo. Matokeo yakachapishwa 2017. Joto la mitaa hiyo lilikuwa linapita lile linalopimwa stesheni ya hali ya hewa ya Dagoretti kwa digrii kadhaa za selsiasi, na si siku moja ya bahati mbaya, ni mara kwa mara. Kwa hivyo namba ya joto unayosomewa kwa habari ni ya ukweli, ila haikupimwa kwako.

Mbona mabati inachoma hivyo? Hapa kuna kitu kitakushangaza. Mabati mpya inang'aa, si ndio? Inarudisha mwanga mwingi wa jua juu. Ungedhani ingekuwa baridi. Shida ni kwamba kila kitu chenye joto hutoa joto lake kama miale usiyoiona, inaitwa infraredi, na chuma kinachong'aa ni mchoyo sana wa kuitoa. Ile kidogo inayomeza haitaki kuiachilia. Halafu miaka ikipita inashika kutu, inakuwa kahawia, na sasa inaanza kumeza jua kwa fujo. Mpya inakuchoma juu ni choyo, nzee inakuchoma juu ni mlafi. Na ukiipaka ile rangi ya maroon ama kijani ndio ploti ikae poa, umeongeza ulafi.

Sasa twende Purdue, chuo kikuu kiko jimbo la Indiana. Profesa Xiulin Ruan na wanafunzi wake, kama Xiangyu Li na Joseph Peoples waliokuwa wakisomea uzamifu, walikaa miaka sita wakitafuta weupe. Wenye wamewahi kumaliza chuo watajua maana ya kazi ya uzamifu: unashika kitu kimoja kidogo, unakisumbua hadi kinakubali ama unazeeka. Hawa waliangalia vitu zaidi ya 100, wakabakisha 10, na kwa vile vilivyoonyesha dalili nzuri wakajaribu michanganyiko kama 50 kwa kila kimoja. Fikiria uko maabara umeshika mchanganyiko wa 37 wa unga mweupe, na unafanana kabisa na wa 36. Manze, hiyo kazi inataka roho.

Unga walioishia nao unaitwa bariamu salfeti. Wewe huenda umewahi kuukunywa. Ukienda hospitali upigwe picha ya tumbo ama koo, ule uji mweupe mzito wanakupea kabla ya eksirei ndio huo. Hutumika pia kwa karatasi za picha na kwa vipodozi.

Rangi nyeupe ya kawaida ya dukani hurudisha kati ya asilimia 80 na 90 ya mwanga wa jua. Inaonekana nyingi, lakini hiyo 10 ama 20 inayobaki inatosha kufanya paa liwe moto kuliko hewa. Kosa kubwa liko kwa unga unaotumika, titani dioksidi, ambao humeza miale ya urujuanimno. Bariamu salfeti haina hiyo tabia. Wasee wa Purdue wakaongeza mbinu mbili. Ya kwanza, walijaza huo unga kwa wingi sana ndani ya rangi. Ya pili ndio naipenda: hawakutumia punje za saizi moja. Jua lina miale ya urefu tofauti, na punje ya saizi fulani hutawanya vizuri miale fulani. Ukichanganya punje ndogo, za kati na kubwa, hakuna mwale unaopata njia ya kupenya. Ni kama mlango wa matatu wakati wa rashi, kila kiwiko kimeziba nafasi yake.

Mwaka wa 2021 wakatangaza rangi inayorudisha asilimia 98.1 ya jua. Guinness wakaiweka kwa kitabu chao kama rangi nyeupe kuliko zote.

Lakini kurudisha jua pekee hakuwezi kukufanya uwe baridi kuliko hewa inayokuzunguka. Hapo ndipo kuna ujanja wa pili, na huu ujanja tayari unaujua, hujapewa tu jina lake. Asubuhi na mapema umewahi kuona mabati imelia? Matone yamejaa kwa paa ndani, mengine yanakuangukia usoni ukiwa kitandani. Hiyo maji haijatoka kwa mvua. Usiku mabati, hasa ile ya kutu, hutoa joto lake kama infraredi kuelekea juu, na hewa haiwezi kuizuia yote. Kuna sehemu ya hiyo miale, yenye urefu wa kati ya mikromita 8 na 13 hivi, ambayo hewa huipitisha karibu yote. Inaenda moja kwa moja hadi anga za juu, kule hakuna joto kabisa. Ni kama dirisha limeachwa wazi. Paa linapoa kupita hewa, na mvuke wa pumzi zenu mkiwa watano kwa chumba unagonga hiyo baridi unageuka maji.

Hilo dirisha liko wazi hata mchana. Tatizo ni kwamba mchana jua linamwaga joto jingi kuliko linalotoka. Ukizuia asilimia 98 ya jua, hesabu inageuka: linalotoka linashinda linaloingia. Purdue walipima na kupata sehemu iliyopakwa ikiwa chini ya hewa kwa nyuzi 4.5 hivi saa sita mchana kwenye jua kali, na usiku zaidi ya 10. Wakasema paa la futi 1,000 za mraba lingepoza kwa nguvu ya kilowati 10. Single room ya kumi kwa kumi ni futi 100. Kwa hesabu hiyo paa lako pekee ni kilowati moja ya kupoza, bure, ukiwa na anga safi juu yako.

Hapo ndipo unataka kukimbia hadwea. Sasa sikiza mwiba.

Kuna jaribio moja hao wasee walilitaja wakijivunia. Walitoa rangi nje wakati wa baridi, hewa ikiwa nyuzi 6. Rangi ikafanya kazi hata hivyo, ikashusha joto la kile walichopaka kwa nyuzi 10 zingine. Kwa maabara hiyo ni sifa. Kwa Mathare mwezi wa Julai, hiyo ni soo.

Rangi haijui kalenda. Haijui kwamba Februari unataka kupoa na Julai unataka kupata joto. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka baharini, na kuanzia Juni hadi Agosti ule mwanga kidogo unaopenya mawingu saa saba mchana ndio jiko la bure la mtu wa mabati. Ukipaka rangi inayofukuza asilimia 98 ya huo mwanga, umemnyang'anya. Ukweli ni kwamba mawingu yenyewe huziba lile dirisha la anga, kwa hivyo paa halitashuka nyuzi 10 kama kwa jaribio lao. Ila joto la mchana umelipoteza.

Na si mambo ya kujikunyata tu na blanketi. Mwaka wa 2012 Thaddaeus Egondi na wenzake walichapisha utafiti uliochukua rekodi za vifo vya Korogocho na Viwandani, wakazilinganisha na hali ya hewa ya kila siku. Joto kali lilihusishwa na vifo kuongezeka. Baridi pia. Watoto wadogo walikuwa kati ya walioumia. Sasa wewe niambie, mama ana mtoto wa miezi minne kwa chumba cha mabati, mwezi wa Julai. Ukimletea rangi ya kupoza, umemletea msaada ama nimonia? Halafu akiwasha jiko la makaa ndani apate joto, na dirisha limefungwa, tumeingia kwa shida nyingine ya moshi ambayo pia inaua.

Kwa hivyo mtu akikuuzia hii kitu kama dawa ya mabati yote Kenya, mwulize mabati ya wapi. Lodwar, Garissa, Wajir, hapo mimi nasema paka hata jana. Hewa kavu, anga wazi, joto mwaka mzima, hakuna Julai ya kuogopa. Kisumu pia inaweza kufaidika. Mombasa kuna mchezo kidogo: jua utalirudisha vizuri, lakini mvuke wa bahari hewani hupunguza lile dirisha, kwa hivyo usitarajie namba za Purdue. Nairobi na kupanda juu, Limuru huko, hapana.

Kuna vitu vingine maabara haikupima. Vumbi la barabara. Masizi ya takataka zinazochomwa nyuma ya ploti. Rangi ya asilimia 98 ikishika masizi haikai 98. Na kuna swali la mwenye ploti: paa ni lake, joto ni lako. Yeye halali hapo. Kodi inaingia paa likiwa nyeupe ama jeusi, kwa nini atoe doo yake? Na wewe mpangaji ukijitolea kulipaka, anaweza kuona nyumba imependeza akupandishie kodi. Sijaona karatasi ya uhandisi ikishughulikia landilodi.

Wakati huo, wengi wako tayari na dawa ambayo hakuna mtu alipewa shahada kwa ajili yake. Ile katoni umepigilia kwa ukuta, ile shuka ama pazia umetandaza chini ya paa kama dari, hizo si urembo peke yake. Mabati ikichomeka inakurushia infraredi kichwani moja kwa moja. Katoni inaikinga, na ile hewa iliyofungiwa kati ya katoni na mabati haipitishi joto haraka. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi pande zote mbili: Februari inazuia joto kuingia, Julai inazuia lisitoke. Ubaya wake ni moto. Mtaa wenye nyaya za kuunganishwa kiholela na koroboi hautaki katoni nyingi, na kunguni nao wanashukuru. Dari ya kitu kisichoshika moto haraka, na nafasi ya hewa kupita juu karibu na paa, ingemfaa mtu wa Mukuru kuliko rangi yoyote ya Guinness.

Ila maabara nazo hazijalala. Desemba 2021, kundi la Junqiao Wu huko Berkeley, California, lilionyesha utando unaobadilisha tabia wenyewe. Ndani yake kuna vanadiamu dioksidi iliyochanganywa na tangsteni kidogo. Joto likipita nyuzi 30 hivi, unatoa infraredi kwa nguvu, karibu asilimia 90 ya kile kinachowezekana. Likishuka chini ya 15, unakuwa mchoyo kama mabati mpya, unatoa kama asilimia 20 tu. Hakuna swichi, hakuna stima, ni atomi zenyewe zinajipanga upya. Walipiga hesabu ya miji ya Marekani wakaona unashinda mapaa ya kawaida katika kanda 12 kati ya 15 za hali ya hewa za huko.

Nairobi haikuwa kwa hiyo hesabu. Na huu ni utando wa tabaka nyembamba za kutengenezwa kwa mashine, si kitu cha kukoroga kwa ndoo na kupaka na brashi Jumamosi. Lakini ukiangalia hizo namba mbili, 15 na 30, utadhani kuna mtu alikaa kwa single room ya Mathare mwaka mzima akaziandika kwa ukuta. Kama kuna mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi ama Juja anatafuta mada ya uzamifu na amekwama, mabati ziko hapo nje, na Julai haijawahi kukosa kufika.