Herufi na Bidhaa Zetu (Sehemu ya Nne): Jiwe la Kizimkazi na Lebo ya Sabuni

Magazeti yetu siku hizi yamejaa picha za maonyesho ya Sabasaba, na katika picha hizo, huku wengine wakiangalia nyuso za viongozi wanaopita mabandani, jicho langu limekuwa likitafuta kitu ambacho wapiga picha aghalabu hawakikusudii, nacho ni lebo za bidhaa ndogo ndogo zilizopangwa mezani: chupa za asali ya nyuki wadogo, vikopo vya siagi ya karanga, pakiti za kahawa, achari ya embe, mafuta ya nazi, na sabuni za mwani zitokazo Unguja. Nimezitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia, na sitaficha nililoliona, ya kwamba watengenezaji wetu wamepiga hatua kubwa katika chupa na vifuniko, ila katika herufi wengi wao wamevaa nguo za kuazima.

Msomaji aliyefuatana nami tangu mwanzo anakumbuka tofauti tuliyoiweka baina ya herufi za kusomea, zinazobeba viungo, uzito na tarehe, na herufi za pambo, ambazo kazi yake ni kubeba jina tu na kulifikisha machoni pa mtu aliye mbali. Anakumbuka pia kuwa neno fonti limetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kusubu, kwa kuwa herufi zilikuwa zikimiminwa katika kalibu kwa risasi iliyoyeyushwa, wala sitarudia habari hizo. Leo nauliza herufi ya pambo inasema nini kabla neno halijasomwa, na ni nani aliyeifundisha kusema hivyo.

Nianze na pakiti ya kahawa. Juu yake, kama ilivyo juu ya chai, viungo na vinyago vingi vinavyokusudiwa macho ya watalii, jina limeandikwa kwa herufi nene, nzito, zenye kingo kama zilizokatwa kwa shoka, ambazo wengi huziamini kuwa ni herufi za Kiafrika. Hasha! Herufi hizo asili yake ni Ujerumani. Alizichonga Rudolf Koch, fundi mkubwa wa kalamu na mcha Mungu, katika mji wa Offenbach, kwa ajili ya kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor, zikatoka mwaka 1923 kwa jina la Neuland, yaani nchi mpya. Naye hakuzichora kwanza katika karatasi kama ilivyokuwa desturi, bali alizikata katika chuma kwa mkono wake, saizi baada ya saizi, ndiyo sababu umbo la herufi moja lilitofautiana kidogo kutoka saizi hii hadi ile. Ni kazi ya ustadi, nami naistahi. Walakini zilipovuka bahari, watengenezaji wa matangazo na majalada ya vitabu huko Marekani waliona ndani yake ukali wa porini, wakazibandika juu ya habari za misitu, za nchi za mbali na za watu weusi, hata ilipotimia miaka sabini tangu kuchongwa kwake, filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ikaandika jina lake kwa namna ya herufi hizo hizo. Msomaji na atafakari: herufi inayotangaza mijusi wakubwa walioangamia kabla ya binadamu kuwako ndiyo inayotangaza kahawa ya Kilimanjaro, na maana inayokusudiwa mahali pote pawili ni moja, nayo ni unyama wa kale. Mtu aliyeamka alfajiri kuchuma buni zilizoiva punje kwa punje, akazimenya, akazivundika na kuzianika kwa siku nyingi akizigeuzageuza juani, hastahili vazi hilo, na la kuhuzunisha zaidi ni kwamba analivaa kwa hiari yake akidhani kuwa ni kanzu ya babu yake.

Basi kanzu ya babu iko wapi? Hapa naomba subira, kwa kuwa jambo hili ndilo lililonifanya nishike kalamu tangu sehemu ya kwanza. Kusini mwa Unguja, huko Kizimkazi Dimbani, uko msikiti ambao kuta zake zilijengwa upya katika karne ya 18, lakini katika ukuta wa kibla yamesalia maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yanayotaja mwaka wa 500 wa Hijra, ambao ni 1107 wa Miladi, zaidi ya miaka mia tatu kabla Gutenberg hajachapa Biblia yake mjini Mainz. Mtu akisimama mbele yake wakati mwanga wa asubuhi unapopenya kwa ubavuni, huona herufi zimesimama wima kama milingoti bandarini, na pambo la majani likichanua kutoka katika ncha za herufi zenyewe; halikubandikwa kutoka nje, limeota mwilini mwa herufi kama jani liotavyo tawini. Hiyo ni herufi ya pambo kwa maana kamili ya neno, nayo imekaa katika pwani yetu kwa zaidi ya miaka mia tisa.

Wala silsila haikukatika hapo. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili Misahafu kwa wino mweusi na mwekundu kwa mpango ambao hata leo humfanya mtazamaji anyamaze. Mafundi wa milango wa Mji Mkongwe walichonga aya na tarehe juu ya vizingiti, ili nyumba imsalimu mgeni kabla mwenyeji hajatoka. Na katika karne iliyopita wenye biashara ya kanga, wa Mombasa wakiwa mbele, waliweka jina chini ya mji, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Naomba msomaji mwenye kanga nyumbani aitandaze sasa hivi. Pindo limezunguka pande nne, mji umekaa katikati, na jina limo katika kisanduku chake, mstari mmoja, herufi kubwa zote, nene za kutosha, zimeachiana nafasi, hazina mkia wala kikuku. Aliyeziumba alijua kuwa nguo hiyo itavaliwa na mtu anayetembea, itakunjika, itafuliwa mara mia, na jirani aliyekusudiwa lazima asome ujumbe huo kabla mwenye kanga hajapinda kona. Sijaona mahali ambapo masharti ya herufi ya pambo yametimizwa kwa insafu zaidi kuliko hapo, na kila siku yamo kiunoni mwa mama zetu, ilhali sisi twaenda kuomba herufi kwa wenye mijusi.

Nisije nikadhaniwa kuwa nagombana na Koch peke yake, nitaje sabuni. Mjukuu wangu, aliyeanza kusoma mwaka jana, alichukua kipande cha sabuni nilicholetewa kutoka pwani ya mashariki ya Unguja, akasoma lebo kwa sauti, kisha akaniuliza, “Babu, mwavi ni nini?” Nilishtuka, kwa maana mwavi ni ule mti ambao wazee waliwanywesha sumu yake watu walioshtakiwa uchawi. Nilipoitwaa lebo nikaona kuwa imeandikwa mwani, kwa fonti ya mwandiko wa kulala, iliyojaa vikuku, na mguu wa kwanza wa herufi n umekunjwa hata ikafanana na v. Mama aliyeitengeneza, ambaye sabuni yake ni njema na inatoa povu safi hata kwa maji ya chumvi, aliniambia kwa upole, “Mzee wangu, kijana wa stesheneri alisema hizi ndizo zinazotoka sasa.” Kijana hakumtakia mabaya, ila alichagua kwa kutazama uzuri wa herufi moja moja, wala hakulisoma neno.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, nami nilipaswa kuwapa zaidi wale walioniandikia kuuliza wafanye nini kabla ya kupeleka bidhaa sokoni. Kwanza, jaribuni fonti kwa maneno yetu. Kilatini, ambacho herufi hizi ziliumbwa kwa ajili yake, hakikuwa na w kabisa na k kiliitumia kwa nadra, kwa hiyo waumbaji wengi wa fonti za pambo hutumia ustadi wao wote katika R na S, na K na W zikabaki yatima; andikeni kahawa, ukwaju na ng'onda, mtazame kama K haigeuki H, na kama kile kitone cha ng' hakianguki mbali na mwenzake. Pili, fonti za mwandiko wa kuunganisha zisiandikwe kwa herufi kubwa zote, maana zimeumbwa zishikane mikono, na herufi kubwa hazishikani. Tatu, fonti ya pambo iwe moja tu na ibebe jina tu. Viungo na tarehe viandikwe kwa fonti tulivu, na anayetaka kuuza chakula katika nchi za Umoja wa Ulaya ajue kwamba kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 yataka herufi ndogo x iwe na kimo kisichopungua milimita 1.2, au 0.9 ikiwa upande mkubwa wa kifungashio haufiki sentimita mraba 80.

Jambo moja siwezi kulipita, ingawa mhariri amenihimiza nifupishe. Fonti ina mwenyewe. Nyingi zinazopakuliwa bure huandikwa kuwa ni za matumizi binafsi tu, na kuiweka mojawapo juu ya bidhaa ya kuuza bila ruhusa ni kula jasho la fundi mwenzako, hata kama yuko Argentina na hatakuona kamwe. Sisi tunaolalamika kuwa vinyago na vikapu vyetu vinaigwa ng'ambo bila malipo hatuna uso wa kulitenda hilo. Ziko fonti nyingi zilizotolewa kwa leseni ya SIL Open Font License, ambayo inaruhusu biashara, na miongoni mwake zimo herufi nene na safi zinazofanana na zile za kanga.

Mama wa sabuni amekubali kubadili lebo. Tuliweka mbele yake kanga aliyokuwa amejifunga, akachagua herufi za namna ile, kisanduku kimoja, neno MWANI katikati, na pindo jembamba pande zote. Nawaomba nanyi, kabla ya kuchapa stika elfu moja, mchape moja, muibandike juu ya bidhaa, muiweke katika rafu ya duka la jirani, mrudi nyuma hatua tano, na mumwite mtoto wa darasa la pili aisome.