Sindano Ikishatumika Huenda Wapi? Rada ya Taka za Hosi Kabla Ujipate kwa Shida

Wasee wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Kerugoya, leo tuongee story yenye watu huikwepa.

Kuna beshte yangu huchapa kazi ya kukusanya taka mtaani. Siku moja akikanyagia gunia ndio litoshee kwa mkokoteni, sindano ilipenya soli ya raba yake ikamdunga mguu. Lile gunia lilikuwa limetoka kwa kliniki fulani, na ndani kulikuwa na maganda ya ndizi, chupa za soda na hizo sindano, zote pamoja. Yeye alidhani ni msumari. Akapanguza damu, akaendelea na job. Alikuja kutuambia siku ya 4.

Siku 4 ni masaa 96. Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kudungwa, zinafaa kuanzwa kabla masaa 72 kuisha, halafu unameza kwa siku 28. Jamaa alikuwa amechelewa na siku nzima. Vipimo vilirudi poa, lakini ile miezi ya kungoja ilimkondesha.

Sisi tulikuwa tunamwambia ilikuwa bahati mbaya. Sivyo. Kabla hiyo sindano ifike kwa gunia lake, kuna watu kadhaa waliruka sheria. Wacha tuzipitie moja moja.

Kwanza, taka za hosi ni gani?

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu: makaratasi, mabaki ya chakula, maboksi. Asilimia 15 ndizo hatari: sindano, wembe, bandeji za damu, sampuli za maabara, sehemu za mwili, dawa zilizoexpire na kemikali.

Sasa shida ni hii. Ukitupa sindano moja kwa gunia la makaratasi, hilo gunia lote linahesabika hatari. Ndio maana sheria inaanza na kutenganisha, tena pale pale taka inapotoka. Kutenganisha pia kunaokoa chapaa, juu kuchoma taka hatari ni gharama na mwenye kliniki hana haja ya kulipia kuchoma maganda ya ndizi.

Na usidhani Ukimwi ndio noma pekee. Ukidungwa na sindano iliyotumiwa na mgonjwa, WHO inasema uwezekano wa kuambukizwa ni karibu asilimia 0.3 kwa HIV, asilimia 1.8 kwa homa ya ini aina ya C, na asilimia 30 kwa homa ya ini aina ya B. Soma tena hiyo ya mwisho. Hepatitisi B ndiyo inafaa kukutisha, na ndiyo iko na chanjo. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo mwishoni mwa 2001. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kuipata. Ni dozi 3 kwa miezi 6.

Nani anafaa kuchunga?

Si mtu mmoja. NEMA ndiyo iko na Sheria ya Mazingira ya 1999, ile huitwa EMCA, na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 zenye sehemu nzima ya taka za hospitali. Halafu kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Kaunti nazo, kwa Katiba ya 2010, ndizo zinashughulikia uzoaji taka, madampo, vituo vya afya vya kaunti na maduka ya dawa. Maafisa wa afya ya umma wako hapo. Baraza la Madaktari linatoa laiseni za kliniki, na Bodi ya Famasia na Sumu inaangalia wenye kemisti.

Hiyo ni mikono mingi, na mikono ikiwa mingi kila mtu hudhani mwenzake ameshika.

Inspekta akiingia anaangalia nini?

Inspekta wa mazingira ana nguvu ya kuingia mahali pa biashara kukagua. Kumzuia ni kosa. Akifika, mambo ni haya:

1. Rangi. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida. Wa manjano ni wa taka zenye vijidudu. Mwekundu ni wa zile hatari kabisa, kama sehemu za mwili. Sindano na vitu vya kukata huenda kwa boksi gumu lisilotoboka, na likifika robo tatu linafungwa. Ukiona boksi la sindano limefurika hadi zinachungulia, hapo ashaanguka mtihani.

2. Stoo. Taka zikingoja kuondolewa zinafaa kufungiwa mahali mvua haifiki, mbwa na panya hawaingii, na raia hawapiti. Na haziwezi kukaa zaidi ya siku 7 nje ya friza bila ruhusa ya maandishi kutoka NEMA. Baridi ya Nyeri haihesabiki kama friza, hata ile ya Julai.

3. Usafiri. Gari la kubeba taka hizi lazima liwe na laiseni ya NEMA. Taka zikitoka zinaandamana na fomu ya kuzifuatilia: zimetoka wapi, nani amebeba, zimeshukia wapi. Hiyo fomu ndiyo kila kitu. Kama kliniki inasema "huwa tunapeleka kuchomwa" na haina fomu, hayo ni maneno tu.

4. Mahali pa kuchoma. Insinereta inahitaji laiseni yake. Ya kisawasawa iko na vyumba viwili: cha kwanza kinachoma taka kwa joto la nyuzi 850 kwenda juu, cha pili kinachoma moshi wenyewe kwa nyuzi 1,100 hivi. Shimo la nyuma ya kliniki lenye mafuta taa na kiberiti halifiki hapo. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo hutoa sumu zinaitwa dioksini, ambazo hukaa kwa mazingira miaka mingi na zinahusishwa na kansa. Halafu moto ukizima, sindano ziko pale pale, zimekuwa nyeusi tu.

5. Jivu. Watu husahau hii. Jivu la insinereta linaweza kuwa na madini ya sumu, so haliendi shambani kama mbolea. Liko na shimo lake.

6. Vitabu na watu. Kuna ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka? Wafanyakazi wamefunzwa? Wako na gambuti, glovu nzito na aproni? Wamechanjwa?

Ukiruka haya, EMCA inakupeleka kwa faini, jela, au vyote viwili.

Kwani hosi ndogo zinunue insinereta?

Hapana, na hapa ndio watu wengi hukosea. Hospitali kubwa ni kitu kingine, lakini kliniki ya chumba kimoja Chaka, maabara ndogo Karatina au kemisti ya Othaya inayodunga watu sindano haihitaji kujenga insinereta. Inahitaji mkataba na mtu mwenye laiseni ya kubeba na mwenye laiseni ya kuchoma, na kuweka zile fomu kwa faili. Basi.

Lakini mkataba ni ganji, na hapo ndipo shortcut inaingia. Unaitwa wewe wa boda: "Kijana, chukua soo mbili unitupie hii gunia mbele huko." Msee wangu, kataa. Kubeba taka hizo bila laiseni ni kosa lako wewe pia, sio la mwenye kliniki peke yake. Na karao akikusimamisha, aliyekutuma hatakuja kukutoa. Umebeba risk ya milioni kwa bei ya chapo na ndengu.

Mbona hii ni story yetu huku Mlimani

Juu huku taka haikai mahali imetupwa. Dampo la Asian Quarters hapo Nyeri liko karibu na keja za watu, na kuna wasee hupata riziki hapo wakiokota plastiki na chuma kwa mikono mitupu. Huku pia ni milima na mvua. Kitu ukitupa kwa mteremko, mvua inateremsha hadi mtoni. Chania inapita chini ya town, maji yake yanaingia Sagana, halafu Tana. Mtu wa chini huko anachota.

Sasa wewe ufanye nini?

Ukidungwa: osha na maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye. Enda hospitali siku hiyo hiyo, uulize PEP na uangaliwe mambo ya hepatitisi B. Usingoje uone dalili. Kama ni kazini, mwajiri aandike. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakupa miezi 12 ya kudai.

Kama kwenu kuna mtu wa sukari anayejidunga insulini: weka sindano kwa chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya jiki, uirudishe kliniki. Usitupe kwa pipa la ploti. Dawa zilizoexpire pia, zirudishe kemisti. Usimwage chooni.

Ukiona taka za hosi zimetupwa: usiguse. Piga picha ukiwa mbali, andika mahali na tarehe, peleka kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya NEMA ya kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba rekodi za ofisi ya umma, na wako na siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira safi, hata kama hujaumia.

Unadhani hiyo ni ndoto? Uliza watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliopewa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 korti iliwapa shilingi bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikawa kati ya wale walioambiwa walipe, juu haikuchunga ilichofaa kuchunga. Rufaa ikaifuta, lakini Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ilichukua miaka, lakini walianza kwa kulalamika tu kama wewe.

Yule beshte yangu bado anachapa ile kazi. Siku hizi ana gambuti, amemaliza dozi zake 3, na kliniki ikimpa gunia anauliza swali moja: "Fomu iko wapi?" Kama haiko, analiacha hapo mlangoni.